PCOS kwa mabinti: kwa nini altrasaundi peke yake haiwezi kumpa binti jibu

Kuna hali inatokea sana. Binti ana miaka 14, kavunja ungo mwaka juzi, siku zake hazieleweki, mwezi huu zimekuja, miezi miwili kimya, halafu zinarudi nzito, usoni chunusi zimejaa, mama yake anaingiwa na wasiwasi anampeleka kwa dokta, dokta anaandika altrasaundi, majibu yanarudi yanasema ovari zina vifuko vingi vidogo vidogo, na hapo hapo mtoto anatoka na jina la ugonjwa, PCOS (kifupi cha Kiingereza cha polycystic ovary syndrome, yani ovari zenye vifuko vingi), pamoja na ile kauli itakayomkaa kichwani miaka na miaka kwamba huko mbele anaweza kusumbuka kupata mtoto.

Tatizo ni hili: kila kitu nilichotaja hapo kinaweza kuwa balehe ya kawaida kabisa. Siku kuruka, chunusi, ovari zenye vifuko vingi, vyote vitatu wanavyo hata mabinti ambao hawana ugonjwa wowote. Na wakati huo huo inawezekana kweli ana PCOS. Kwa hizo taarifa tatu dokta hana namna ya kujua ni lipi, na mimi naona mzazi na binti wana haki ya kuelewa kwa nini, maana wakishaelewa wanauliza maswali tofauti kabisa wakikaa mbele ya dokta.

Ndani ya mwili kunatokea nini

PCOS ni tatizo la homoni. Ovari ndio zinatajwa kwenye jina ila mambo yanatokea sehemu kadhaa kwa pamoja. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, inatoa homoni mbili za kuziamsha ovari, LH na FSH. Kwa mwenye PCOS mara nyingi LH inatoka nyingi kupita kiasi, na LH ikizidi seli za ovari zinatengeneza androjeni nyingi, yani zile homoni za jamii ya testosteroni ambazo tumezoea kuziita za kiume ingawa kila mwanamke anazo kidogo. Hapo insulini nayo inaingia. Mwili ukiwa hauisikii insulini vizuri, kongosho linaongeza kuitoa, na hiyo insulini nyingi inazisukuma ovari zitoe androjeni zaidi, halafu inalifanya ini lipunguze kutengeneza protini moja inaitwa SHBG, ambayo kazi yake ni kuishika testosteroni isizurure kwenye damu. Protini ikipungua, testosteroni iliyo huru inaongezeka, na hiyo ndo inaleta nywele kidevuni na chunusi zisizosikia dawa. Kwenye ovari zenyewe vifuko vya mayai vinaanza kukua vizuri tu halafu vinagota njiani, havifiki hatua ya kupasuka na kutoa yai, na yai lisipotoka hedhi inapoteza ratiba.

Vile vinavyoonekana kwenye picha ndo hivyo vifuko vilivyogota, vya milimita 2 mpaka 9, kila kimoja kina yai changa ndani yake. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mabinti wengi wakiambiwa wana vifuko kwenye ovari wanaelewa wana uvimbe unaotakiwa kupasuliwa, wanalala na hofu ambayo haina msingi. Hakuna kitu cha kutoa hapo.

Macho yetu yameganda kwenye ovari kwa sababu ya historia. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika kuhusu wanawake 7 ambao hedhi zilikuwa za shida na ovari zao zilikuwa kubwa, zimejaa vifuko. Kwa miaka mingi baada ya hapo ugonjwa ulibeba majina yao. Kwa hiyo tangu mwanzo picha ya ovari ilionekana kama ndio ugonjwa wenyewe, wakati leo tunajua ovari zinaonyesha tu matokeo ya kitu kinachoendelea kwenye homoni. Na sio ugonjwa wa wachache, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 100 walio kwenye umri wa kuzaa, wanaweza kufika mpaka 13 walio nao, na kwamba wanaoishi nao bila kujua wanaweza kufika asilimia 70.

Balehe inafanana nao kupita kiasi

Watu wazima wanapimwa kwa vigezo ambavyo wataalamu walikubaliana mjini Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003. Vipo vitatu: hedhi isiyo na mpangilio au yai kutopevuka, androjeni kuzidi (iwe kwa dalili za mwilini au kwa vipimo vya damu), na ovari zenye vifuko vingi kwenye altrasaundi. Ukiwa na viwili kati ya vitatu, na magonjwa mengine yanayofanana yameshaondolewa kwenye orodha, unaambiwa una PCOS. Kwa mwanamke wa miaka 28 hiyo ina mantiki.

Sasa vichukue hivyo vigezo umpelekee mtoto wa miaka 13 uone. Hedhi: mawasiliano kati ya ubongo na ovari ndo kwanza yanajengwa, mizunguko mingi ya mwanzoni inapita bila yai kutoka, kwa hiyo siku kupotea miezi miwili mwaka wa kwanza ni jambo la kutarajiwa. Chunusi: nionyeshe darasa la wenye miaka 15 lisilo na chunusi. Ovari: kipindi cha balehe ovari zinakuwa kubwa na zina vifuko vingi kwa asili, ndo wakati wake. Hata insulini, mwili wa kila anayebalehe unapunguza kuisikia insulini kwa muda, halafu balehe ikiisha hali inarudi. Yani ukitumia vigezo vya watu wazima kwa huyu mtoto unaweza ukawapa ugonjwa mabinti kibao ambao hawana, kwa siku kuruka na picha ya ovari tu tayari umeshapata viwili kati ya vitatu.

Na altrasaundi yenyewe ina mengine. Mwaka 2003 kigezo kilikuwa vifuko 12 au zaidi kwenye ovari moja, baadaye mashine zikawa kali zinaona mpaka vidogo kabisa, ikabidi namba ipandishwe mpaka 20 maana wanawake wengi wazima wa afya walikuwa wanafikisha 12. Kwa mabinti ni ngumu zaidi kwa sababu picha nzuri ya ovari inapatikana kwa kipimo cha kuingiza ukeni, ambacho binti ambaye hajawahi kufanya ngono hafanyiwi, anapimwa juu ya tumbo na hapo kuhesabu vifuko ni kama kubahatisha.

Ndo maana mwongozo wa kimataifa wa PCOS, uliotoka 2018 na ukafanyiwa marekebisho 2023, chini ya uongozi wa Profesa Helena Teede wa Chuo Kikuu cha Monash huko Australia, unasema wazi kwamba altrasaundi isitumike kutafuta PCOS kwa binti ambaye hajafikisha miaka 8 tangu avunje ungo. Hesabu mwenyewe, aliyevunja ungo na miaka 12 anafika 20 kabla hiyo picha haijawa na maana kwenye uamuzi huu. Kile kipimo cha damu cha AMH, homoni inayotolewa na vifuko vidogo vya ovari, ambacho mwongozo wa 2023 umekiruhusu kwa watu wazima badala ya altrasaundi, nacho kwa mabinti hakitumiki, sababu ni hiyo hiyo, kwa umri huo AMH inakuwa juu kiasili.

Hiyo haimaanishi altrasaundi imekatazwa moja kwa moja. Kama binti ana maumivu makali ya tumbo, au kafika miaka 15 hajawahi kuona siku zake na dokta anataka kujua kama mfuko wa uzazi upo na umekaa sawa, hapo inafanywa bila ubishi. Ila hiyo ni safari nyingine.

Kwa hiyo binti anatambuliwaje

Kwake vinabaki vigezo viwili, na vyote viwili lazima viwepo kwa pamoja: hedhi isiyo na mpangilio kwa kipimo cha umri wake, na androjeni kuzidi. Kimoja hakitoshi.

Hedhi tuanze nayo maana hapa ndo pana kuchanganyana kwingi. Kinachohesabiwa ni siku kuanzia siku ya kwanza ya kutoka damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata, na kiwango kinabadilika kadiri miaka inavyoenda tangu avunje ungo, umri wa kuzaliwa hauhusiki sana. Mwaka wa kwanza kuyumba ni kawaida, mwache mtoto. Mwaka wa kwanza ukishaisha mpaka kabla ya kutimiza mwaka wa tatu, mzunguko chini ya siku 21 au zaidi ya siku 45 ndo unahesabiwa kuwa haupo sawa, kwa hiyo binti aliyevunja ungo miaka miwili iliyopita akipata kila baada ya siku 40 yuko ndani ya mstari hata kama rafiki zake wote wanapata kila siku 28. Akishatimiza miaka mitatu kamba inakaza: chini ya siku 21, au zaidi ya siku 35, au hedhi pungufu ya 8 kwa mwaka. Alafu kuna kitu cha kukariri, baada ya ule mwaka wa kwanza, mzunguko hata mmoja tu ukizidi siku 90 hiyo sio ya kuisubiria nyumbani, apelekwe. Vile vile aliyefika miaka 15 hajavunja ungo, au imepita zaidi ya miaka mitatu tangu matiti yaanze kuota na bado hajaona kitu.

Mabinti wengi wanajirekebisha haraka kuliko watu wanavyodhani, inapofika mwaka wa tatu asilimia 60 mpaka 80 ya mizunguko inakuwa kati ya siku 21 na 34, ambayo ni kama ya mtu mzima. Kwa maana hiyo ile kauli ya "ni mtoto bado, zitakaa sawa tu" ina ukomo wake. Binti wa miaka 17 aliyevunja ungo na 12, anayeona siku zake mara nne kwa mwaka, hayupo tena kwenye kipindi cha kuzoea, na huyu ndo yule ambaye kwa bahati mbaya anapuuzwa mpaka anafika miaka 26 anatafuta mtoto ndo anaanza kupimwa. Hilo linaniuma zaidi kuliko hata la kupewa jina mapema.

Sasa androjeni. Ya kwanza kuangaliwa ni nywele, na sio kila unywele. Wale vinyweleo laini, vyepesi, visivyo na rangi sana ambavyo kila mtu anavyo mashavuni na mikononi havihesabiki. Zinazotafutwa ni nywele nene, nyeusi, zinazoota sehemu ambazo kwa kawaida wanaume ndo wanaota: juu ya mdomo, kidevuni, kifuani, tumboni juu na chini ya kitovu, mikono kwa juu, mapajani, mgongoni juu na chini. Ni sehemu 9, kila moja inapewa alama kuanzia 0 mpaka 4, njia iliyotokana na kazi ya Ferriman na Gallwey ya mwaka 1961, na kwa mwongozo wa sasa jumla ya kuanzia 4 mpaka 6 kwenda juu inahesabiwa ni kuzidi, kutegemea asili ya mtu maana kuna jamii zinaota nywele nyingi na kuna jamii haziotiotii.

Hapa kuna jambo dokta mwenye haraka analikosa: binti ananyoa. Ananyofoa kidevu kila asubuhi, anapaka krimu ya kuondoa nywele, anavaa nguo za kufunika shingo, anakuja kliniki yuko laini kabisa na haongei kwa sababu anaona aibu, hasa mama akiwa amekaa pembeni. Ukimtazama tu huoni kitu. Aulizwe kwa upole, ikiwezekana mzazi atoke nje dakika chache, aulizwe ananyoa wapi na mara ngapi kwa wiki. Na mzazi, ukikuta wembe bafuni usimseme mtoto wala kumcheka, hiyo ni taarifa muhimu kuliko hiyo altrasaundi.

Chunusi zinahesabiwa zikiwa kali kweli, zile zenye mabonge yanayouma, zinazoacha makovu, zinazogoma kupona kwa dawa za kawaida za kupaka. Chunusi chache za kwenye paji la uso haziingii. Nywele za kichwani kupungua kwa binti wa umri huu zenyewe ni ushahidi dhaifu.

Kama mwilini haieleweki ndo damu inaamua. Kinachopimwa ni testosteroni yote na ile iliyo huru, iliyo huru mara nyingi inapatikana kwa hesabu baada ya kupima testosteroni na ile protini ya SHBG. Mashine nyingi za kawaida za maabara zilitengenezwa zikiwa nzuri kwa viwango vikubwa vya wanaume, kwenye viwango vidogo vya wanawake zinayumba, kwa hiyo mwongozo unataka njia sahihi zaidi ya maabara, ile ya kupima kwa uzito wa molekuli, pale inapopatikana. Na kama binti anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, hata kama alipewa kwa ajili ya chunusi tu, majibu hayana maana, vidonge vinashusha testosteroni na vinapandisha SHBG, inabidi aviache angalau miezi mitatu kwanza ndo apimwe. Ile habari ya kulinganisha LH na FSH kwamba LH ikiwa mara mbili au tatu ya FSH basi ni PCOS, bado inazunguka sana, ila haipo kwenye vigezo.

Ule weusi mnene unaotokea nyuma ya shingo na kwapani, ambao watu wanadhani mtoto haogi vizuri (jamani tuache kuwasugua watoto shingo), unaonyesha mwili hauisikii insulini. Ni dalili ya kufuatilia sukari, ila peke yake haithibitishi PCOS. Na wembamba haumwokoi mtu, kuna mabinti wembamba kabisa wenye PCOS ambao hakuna aliyewafikiria kwa sababu tu hawana kilo nyingi.

Kabla jina halijaandikwa

Kuna magonjwa yanavaa sura hiyo hiyo, na PCOS inathibitishwa baada ya hayo kuondolewa. Ujauzito ni wa kwanza, upimwe hata kama jibu mnaliona la wazi. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kwa kipimo cha damu cha TSH. Prolaktini, ile homoni ya maziwa, ikipanda inakata hedhi. Kuna hali ya kurithi kwenye tezi zilizo juu ya figo ambayo inatoa androjeni nyingi na kwa macho huwezi kuitofautisha na PCOS hata kidogo, hiyo inakamatwa kwa kipimo cha 17-hidroksiprojesteroni kinachochukuliwa asubuhi mapema. Ugonjwa wa Cushing, wa homoni ya kotisoli kuzidi mwilini, ni nadra lakini unafikiriwa kama mtoto ananenepa uso na mgongo wa juu, ana michirizi ya zambarau na misuli imelegea. Dawa nazo ziulizwe, dawa ya kifafa ya valproeti kwa mfano inaweza kuleta hali inayofanana na PCOS.

Iliyo ya haraka ni hii: sauti ikianza kuwa nzito, nywele zikaota kwa kasi ndani ya miezi michache, kinembe kikakua, misuli ikajaa. PCOS haiendi kwa mwendo huo. Hapo unatafutwa uvimbe unaotoa homoni kwenye ovari au kwenye tezi ya juu ya figo, na hakuna kusubiri.

Ila kuna moja inayonisumbua kuliko zote kwa sababu matibabu yake ni kinyume kabisa. Binti anayefanya mazoezi makali, au anayekula kidogo sana kwa kuogopa kunenepa, au aliyepungua kilo nyingi kwa muda mfupi, au aliye kwenye msongo mkubwa, ubongo unazima hedhi kwa sababu mwili hauna nguvu ya kutosha. LH na FSH zinashuka au zinakuwa chini chini, estrojeni inashuka, mifupa inaanza kudhoofika kwenye umri ule ule ambao ilitakiwa ijengwe. Sasa huyu akipigwa altrasaundi ovari zake zinaweza kuonekana zina vifuko vingi. Anaambiwa PCOS, halafu anapewa ushauri ambao wenye PCOS wengi wanapewa, punguza uzito, punguza kula, ongeza mazoezi. Umemmaliza. Kwa hiyo dokta akimuuliza binti anakulaje, anafanya mazoezi kiasi gani, uzito wake umeendaje mwaka huu, hayo ni maswali ya kutafuta ugonjwa kama kipimo kingine chochote, na binti mwenye nguvu ya kusema ukweli hapo anajisaidia sana.

Akiwa na kimoja tu

Huyu ndo yule ambaye mfumo wa zamani ulikuwa unamlazimisha aende upande mmoja, ama una ama huna. Binti ana nywele kidevuni na testosteroni iko juu ila hedhi zinakuja vizuri. Au hedhi mara tano kwa mwaka ila androjeni ziko sawa kabisa. Mwongozo unamweka kwenye kundi la walio kwenye hatari ya kuwa na PCOS, anafuatiliwa, na anapimwa upya akikaribia au akifikisha ile miaka 8 tangu avunje ungo. Baadhi yao vitu vinakaa sawa vyenyewe, baadhi inakuja kuthibitika.

Wazazi wengi wakisikia "tutaangalia baadaye" wanatafsiri mtoto ametelekezwa, na kama dokta anamaanisha hivyo kweli basi ana makosa. Kufuatilia kunaenda pamoja na kutibu kinachomsumbua leo. Chunusi zinatibiwa leo. Nywele zinazomfanya asitoke nyumbani zina tiba leo, kuanzia za kuondoa nje mpaka vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Hedhi ikipotea miezi mitatu na zaidi inahitaji kurudishwa, kwa sababu yai lisipotoka projesteroni haipatikani, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kujijenga kwa estrojeni bila kubomoka, siku ukija kubomoka damu inatoka kwa wingi na kwa muda mrefu, na ukiachwa hivyo miaka mingi seli zake zinaweza kubadilika vibaya. Hiyo tiba haisubiri jina la ugonjwa.

Na akishathibitishwa, mambo yanaongezeka kidogo: sukari iangaliwe bila kujali uzito wake, shinikizo la damu, na hali ya moyo wake, hapa nasema hisia, maana huzuni na wasiwasi vinawaandama wenye PCOS zaidi ya wenzao, pamoja na mahusiano mabaya na chakula. Metfomini, dawa ya kusaidia mwili uisikie insulini, inaweza kuingia, mwenendo wa kula na mazoezi nao una nafasi yake kubwa ila uongelewe kwa lugha isiyomfanya mtoto auchukie mwili wake.

Kuhusu kuzaa. Mtoto wa miaka 15 haitakiwi atoke kliniki anaamini ni tasa. PCOS inachelewesha au inaruka kutoa yai, haifuti mayai, wanawake wengi wenye PCOS wanazaa, wengine bila msaada wowote, wengine kwa vidonge vya kupevusha yai, letrozoli ndo inayoanziwa siku hizi. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba yai linaweza kutoka siku yoyote bila taarifa, kwa hiyo binti aliyeambiwa hazai na akaacha kujikinga anaweza kushtukia ana mimba. Imetokea kwa wengi.

Ukienda kliniki nenda na tarehe. Miezi sita ya kuandika siku damu ilipoanza na ilipoisha, kwenye daftari au simu, ina thamani kuliko maelezo ya "huwa zinachelewa chelewa". Mwezi na mwaka aliovunja ungo. Kama mama, dada au shangazi wana PCOS au kisukari cha aina ya pili, sema. Dawa zote anazotumia. Halafu uliza moja kwa moja: kwa muda tangu avunje ungo, hizi hedhi zimetoka nje ya kiwango? Androjeni zimeangaliwaje? Nini kingine kimeondolewa?

Kama binti wako alishapewa hili jina zamani kwa picha ya ovari peke yake, haina haja ya kugombana na mtu, omba tathmini irudiwe. Kama yuko kwenye vidonge asiviache kienyeji, ajadiliane na dokta, na kama ana mwenza wapange kinga nyingine kwanza, maana ile miezi mitatu ya kusimamisha ni miezi ambayo mimba inaweza kuingia. Ikipita, hedhi zinahesabiwa upya, damu inachukuliwa, na kama ile miaka 8 imeshatimia altrasaundi nayo inaruhusiwa kusema neno lake.